Mwaka 2072 na hasara ya kusifiana

Jumamosi moja hivi karibuni nilialikwa Buyenzi, hapa Bujumbura, kutazama kazi ya kijana niliyemfundisha Kiswahili alipokuwa shule ya msingi. Siku hizi anasomea uhuishaji, ile fani ya kuzifanya picha za kuchora zitembee na kusema, ambayo wengi wetu tunaiita katuni tu. Anasoma nusu darasani na nusu usiku, kwa kufuata masomo ya video pale kifurushi cha intaneti kinapokuwa na bei nafuu. Kazi yake ya kumalizia masomo ni tangazo la biashara la sekunde 30, na ameamua kulitengeneza kwa mtindo wa hadithi za kubuni za kisayansi: Bujumbura ya miaka mingi ijayo, magari yanayopaa, mashine zinazosema.

Kinachotangazwa ni huduma ya kutuma fedha kwa simu kutoka upande mmoja wa mpaka hadi upande wa pili. Kampuni yenyewe haipo, ameibuni. Lakini anataka kuwaonyesha wenye kampuni za kweli ili apate kazi. Kwa hiyo, ndugu msomaji, usidhani huu ni mchezo wa watoto. Pana riziki ya mtu ndani yake.

Walikuwa vijana sita, yeye na wanafunzi wenzake watano. Michoro 24 ilikuwa imebandikwa ukutani, kila mmoja una sekunde zake chini. Wenyewe wanaita storibodi. Mchoro wa kwanza ni giza tupu, na katikati tarakimu nyekundu zinazojaza kioo chote: 2072. King'ora kinalia. Kisha tunaona mpaka usiku, na safu ndefu ya watu wenye mizigo kichwani, wengi wao akina mama na watoto. Juu yao inapita mashine inayopaa, inawamulika kwa taa kali na kuwaamuru wasimame. Mwanamke mmoja anainua mkono, bangili yake inang'aa, lango linafunguka, watu wanapita. Maandishi yanatokea: fedha haijui mpaka.

Wenzake wakapiga makofi. Mazungumzo yote yalikuwa kwa Kifaransa. Wa kwanza akasema ni nzuri sana. Wa pili naye akasema ni nzuri sana, ila moshi wa mashine uwe wa buluu. Wa tatu akazungumzia kamera, kwamba ishuke kidogo. Mimi nilinyamaza, kwanza kwa kuwa nilikuwa mgeni, na pili kwa sababu ya Kifaransa changu, ambacho nitakieleza hapo mbele.

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hiyo tunaifundisha darasani kila mwaka, na kila mwaka tunatoka darasani tukaendelea kusifiana. Katika nchi yetu mtu akionyesha kazi yake, tunampa moja ya vitu viwili: sifa mbele ya uso wake, au kicheko akishageuka. Kitu cha tatu, yaani kumwambia kwa upole na kwa uwazi panapovuja, hatukizoei. Tunakiona kama uadui. Na sisi tuliorudi kutoka uhamishoni tuna sababu zetu za ziada, maana maisha ya wageni yalitufundisha kwamba anayenyamaza hulala salama.

Katika fani hii kunyamaza ni ghali, na hesabu yake ni rahisi. Filamu huenda kwa picha 24 kila sekunde. Sekunde 30 ni picha 720. Kijana wangu anatumia Blender, programu ya bure ambayo tangu mwaka 2002 iko wazi kwa yeyote kuitumia na kuirekebisha, na ndiyo hiyo hiyo iliyotumika kutengeneza Flow, filamu ya Latvia iliyotwaa tuzo ya Oscar ya katuni ndefu mwaka 2025. Kwa hiyo programu si kisingizio. Tatizo ni kompyuta yake, ambayo huchukua kama dakika 10 kuipika picha moja hadi iive. Zidisha mwenyewe. Ni dakika 7,200, sawa na saa 120, siku tano usiku na mchana bila kuzimwa, katika mji ambao umeme huondoka bila kuaga.

Mfanyabiashara wa mpakani ananielewa haraka kuliko mwanachuo. Gunia la mchele hufunguliwa Kigoma sokoni, kabla hujalipia gari. Ukigundua umelowa ukiwa umeshafika Mugina, umekula hasara ya mzigo, ya gari na ya ushuru. Ile michoro ya ukutani ni gunia lililofunguliwa Kigoma: kufuta mchoro mmoja ni dakika tano za penseli. Sasa wale vijana walikuwa wamefunguliwa gunia, wamelitazama, na wamesema mchele ni mzuri sana.

Pembeni alikaa msichana ambaye hakuwa amesema neno. Amekulia Kigoma mjini, shule zake zote ni za Kitanzania, wazazi wake wamerudi miaka mitatu iliyopita. Kifaransa anakisoma, lakini kukisema mbele ya watu anaogopa. Mtoto mmoja wa Buyenzi, kwa heri tu, akamgeukia kwa Kiswahili: "Na wewe dada, mbona kimya?"

Akasimama akausogelea ukuta. "Samahani kaka," akamwambia mwenye kazi, "hawa watu wanakimbia nini?"

"Hawakimbii. Wanavuka kwenda kufanya biashara."

"Huyu mama hapa umemchora na sufuria moja kichwani. Mwenye biashara hubeba sufuria kumi mpya zimefungwa pamoja. Anayebeba sufuria yake moja ni mkimbizi."

Chumba kikawa kimya. Akaendelea, sasa kwa sauti ya chini zaidi: "Halafu huo mwaka. Bibi yangu akiona sabini na mbili nyekundu, na king'ora, hatasikia tena unauza nini."

Nakiri kwamba hata mimi sikuwa nimeliona, au nililiona nikalipuuza kama mtu anavyopuuza maumivu aliyoyazoea. Baba yangu aliondoka Nyanza-Lac mwaka 1972, ule mwaka ambao wazee wetu wanauita Ikiza, uliochukua roho za watu wanaokadiriwa kuwa kati ya 100,000 na 300,000. Alikuwa na umri wa miaka 19. Alivuka usiku na wadogo zake wawili, na kitu pekee kilichotoka nyumbani kwao kilikuwa sufuria. Mimi nimezaliwa Katumba, Mpanda, na sufuria hiyo nimeilia. Kijana aliyechora tangazo ana miaka 23. Tulipomuuliza kwa nini 2072, alijibu kwamba alianza masomo mwaka 2022 akaongeza miaka 50. Hakuwa na nia nyingine yoyote. Alitaka kuchora mambo yajayo, na mkono wake ukachora yaliyopita.

Hapo ndipo nilipoona uzito wa jambo hili. Mtu wa nchi nyingine akichora safu ya watu wanaomulikwa mpakani usiku, watazamaji wake wanaona mambo ya kubuni. Sisi tunaona shangazi zetu. Hakuna mwalimu wa video wa Marekani awezaye kukuonya kuhusu hilo, wala kitabu cha fani. Anayeweza kukuonya ni mwenzako aliyekaa pembeni, iwapo utamwachia nafasi ya kusema na lugha ya kusemea.

Baadaye kijana alinieleza alikopata wazo la kuanza na mwaka. Ni lile tangazo maarufu la kampuni ya Apple liitwalo "1984", lililoongozwa na Ridley Scott na kurushwa Marekani tarehe 22 Januari 1984, wakati wa fainali ya mpira wao, kutangaza kompyuta ya Macintosh. Watu waliovaa sare wamekaa kama wafungwa wakimsikiliza mkubwa mmoja kwenye kioo, na mwanamke anaingia mbio na kukivunja kioo kwa nyundo. Kompyuta yenyewe haionekani kabisa. Mwaka ule waliuchukua kutoka riwaya ya George Orwell iliyotoka mwaka 1949. Angalia tofauti: kwa mtazamaji wao tarakimu hizo zilitoka kitabuni. Tarakimu zetu zinatoka makaburini. Ukiiga mbinu bila kuuliza ilikotoka, unaweza kumuumiza mteja wako ukidhani unamfurahisha.

Si kwamba vijana wote walikubaliana. Mmoja alishika msimamo kwamba mwaka ubaki, tena kwa makusudi: miaka 100 baada ya 1972 watu wavuke mpaka ule ule mchana kweupe, wakicheka, wakirudi jioni. Wazo hilo lilinigusa. Ingekuwa filamu ya dakika 20 ningempa haki. Lakini ndani ya sekunde 30, tena za kuuza huduma, hakuna nafasi ya kuomba radhi kwa wafu. Kidonda cha watu hakifai kuwa kibao cha duka. Walibishana karibu saa nzima, safari hii kwa Kiswahili, na sikuona mtu aliyekasirika.

Sasa nieleze Kifaransa changu. Mimi nilisoma shule ya msingi kwa Kiswahili na sekondari kwa Kiingereza. Serikali ya Tanzania ilipotuuliza sisi wa 1972 tuchague, zaidi ya 160,000 walichagua uraia wa huko na zaidi ya 50,000 wakachagua kurudi. Familia yangu ilirudi mwaka 2009. Katika mkutano wangu wa kwanza wa walimu, kwenye shule ambayo sitaitaja, nilisimama kupinga ratiba ya mitihani iliyokuwa na kosa la wazi la siku mbili. Nikaanza kwa Kifaransa, nikakosea jinsia ya neno, na chumba kizima kikacheka. Nikakaa. Ratiba ikapita na kosa lake, na wiki ya mitihani madarasa mawili yakagongana katika chumba kimoja. Hakuna aliyenikumbuka. Tangu siku hiyo, kwa miaka mingi, nilikuwa nikiona makosa mikutanoni na kuyaacha yapite.

Ndiyo maana nasema tukubali tukatae, lugha ya kukosoana si jambo dogo. Kule Katumba mwalimu wetu alikuwa na desturi ya kutuambia tubadilishane madaftari, kila mtu asahihishe la mwenzake kwa penseli, kisha amweleze kwa mdomo kwa nini ameweka mkasi. Tulizoea kuambiwa kosa na jirani kabla ya kuambiwa na mkaguzi. Hapa Bujumbura nimekuta vijana wenye vipaji vya ajabu ambao maoni yao yanapimwa kwa Kifaransa kwanza, ndipo kwa akili. Anayejua mpaka unavyofanya kazi, kwa kuwa amevuka Mugina mara 40 akiwa amekalia mabeseni ya mama yake, anakaa kimya. Anayejua msamiati wa kamera ndiye anayesema. Kiswahili kinafundishwa katika shule zetu tangu katikati ya miaka ya 2000, na Burundi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu Julai 2007, lakini bado tunakiona kama lugha ya sokoni. Basi na liwe la sokoni. Tangazo la biashara linakwenda wapi kama si sokoni?

Wapo watakaosema matangazo ni kazi duni isiyostahili kelele hizi. Walt Disney alianzia kwenye kampuni ya matangazo ya filamu mjini Kansas City mwaka 1920. Inatosha.

Tena majirani zetu wameonyesha kwamba mambo yajayo yanaweza kuchorwa kwa wino wa nyumbani. Wanuri Kahiu wa Kenya alitoa Pumzi mwaka 2009, filamu fupi ya dunia iliyobaki baada ya vita vya maji, na jina akalipa la Kiswahili. Mwaka 2023 mtandao wa Disney+ ulirusha Kizazi Moto, mkusanyiko wa filamu 10 fupi za katuni kutoka nchi sita za Afrika, zikisimamiwa na studio ya Triggerfish ya Cape Town. Mganda Raymond Malinga alipeleka Herderboy, hadithi ya mchungaji wa ng'ombe katika ufalme wa Wachwezi ambamo watu wana viungo vya mashine. Ng'ombe! Kitu ambacho Mrundi yeyote angekielewa kabla ya tafsiri. Na hawakufika pale kwa kusifiwa. Walioitwa kuleta mawazo walizidi 70, yakachaguliwa 15 yafanyiwe kazi zaidi, na mwishoni zikabaki filamu 10. Nasi hapa, msikosee, hatukuanza jana: Léonce Ngabo alitoa Gito l'ingrat mwaka 1992. Katuni ndiyo bado changa.

Lakini nisije nikaonekana kwamba kila maoni ni dhahabu. Jumamosi iliyofuata nilirudi Buyenzi nikakuta balaa la namna nyingine. Vijana walikuwa wameonja utamu wa kukosoa, na sasa kila mtu alitaka chake kiingie. Mmoja alitaka timu ya taifa ishinde kombe angani. Mwingine alitaka viboko wa ziwa wavae miwani. Wa tatu alitaka babu anayesimulia. Tangazo lilikuwa limefika sekunde 55, na bidhaa yenyewe ilikuwa imepotea kama sindano kwenye marobota ya mitumba. Mwenye kazi alikuwa amekaa chini, kichwa mikononi.

Nilimwambia jambo moja tu, nalo nimelijifunza kwa miaka ya kusahihisha insha. Mwenzako akikuambia panauma hapa, msadiki, kwa kuwa yeye ndiye aliyeumia. Akikuambia dawa ni hii, msikilize kwa adabu kisha fikiri mwenyewe. Wale wakurugenzi wa Apple walipoonyeshwa "1984" kabla halijarushwa, wengi wao hawakulipenda, na wakala wa matangazo akaagizwa auze muda wa televisheni uliokwisha kununuliwa. Sehemu ikauzwa, iliyobaki ikarusha tangazo lililobadilisha biashara hiyo. Kwa hiyo kusikiliza si kutii.

Alichofanya kijana ni kurudi kwenye swali la yule dada: mfanyabiashara wa mpakani anaogopa nini hasa? Si taa ya angani. Dada alimweleza jinsi mama yake anavyopoteza nusu siku kwenye mabenchi ya wabadilisha fedha, faranga zikigeuka shilingi na shilingi zikigeuka faranga, na kila zinapogeuka zinapungua. Anaogopa mtandao ukatike fedha ikiwa njiani, haipo kwake wala haipo kwa mwenye mzigo. Anaogopa kuambiwa njoo kesho wakati ndagala hawangoji kesho.

Tangazo jipya halina mwaka wowote. Linaanza asubuhi, na milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa iko pale pale ilipo leo, kwa sababu milima haihami. Basi linapaa, lakini limejaa kupita kiasi kama lilivyo sasa, na utingo bado ananing'inia mlangoni. Mama ana mabeseni kumi mapya. Anafika mpakani, anapatana bei kwa ukali kama kawaida, analipa kwa bangili, na bangili inamtajia kwa Kiswahili kiasi kilichoondoka na kiasi kilichofika, tarakimu mbili zinazolingana. Anazitazama mara mbili. Anatabasamu. Sekunde 30 kamili. Kila kitu ni cha zamani isipokuwa viwili, basi na bangili. Na mimi nilicheka pale kwa utingo, sikuweza kujizuia.

Nina ombi kwa wenye kampuni zinazotangaza hapa Bujumbura. Mnapoagiza tangazo, lipieni na michoro ya mwanzo, kisha ipelekeni Kobero na Mugina, muwaonyeshe wanaovuka, kabla ya kuipeleka kwa mkurugenzi. Itawagharimu nauli na soda. Na kwa walimu wenzangu wa fani yoyote: siku ya kutazama kazi za wanafunzi, tangazeni kwamba kila mtu aseme kwa lugha anayoota nayo. Anayecheka lugha ya mwenzake atoke nje.

Wiki hii kijana amenipigia simu. Kompyuta imeshapika picha 310, umeme umekatika mara nne. Yule dada alimrekodi mama yake akilitazama tangazo la majaribio kwenye simu, akiwa amesimama kando ya mzigo wake huko Mugina, na akamtumia mwenye kazi sauti yake. Nimeisikiliza. Mama analitazama hadi mwisho bila kusema, kisha anaomba lirudiwe. Mara ya pili anasema: "Mwanangu, ni zuri, lakini huyo mama kitenge chake kimefungwa kulia. Mwenye mzigo kichwani hafungi hivyo, kitamfunguka akiinua mkono."

Mama huyo yumo katika picha 200 kati ya zilizokwisha kupikwa. Nilimuuliza kijana atafanyaje. Akanijibu, "Mwalimu, nimeshazifuta."